Ufa Huinuka, Mkwaruzo Huzama

Hotuba niliyoitoa Mombasa, kuhusu medali za ukumbusho za karne ya 19 zilizotoka mtamboni na kosa, mbele ya kikao cha wakusanyaji wa sarafu na medali kongwe. Nimeiandika kutokana na karatasi nilizokuwa nazo mkononi, na pale nilipokatizwa kwa swali nimeliacha swali mahali pake.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni zaidi kwa kahawa, maana nimetoka nyumbani sijatia kitu tumboni.

Nianze na aibu yangu. Nilifanya kazi Birmingham, Uingereza, miaka 18, katika karakana ya kukata na kukandamiza vyuma. Mwaka wa nne, Jumamosi moja, nilikwenda kwenye mnada wa vitu vikuukuu nikaona medali ya Malkia Victoria yenye kichwa chake pande zote mbili. Upande huu kichwa kimeinuka kama kawaida. Upande wa pili kimezama ndani, tena kimegeuka, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Muuzaji akaapa kwamba ni kosa la mtambo na kwamba hakuna ya pili duniani. Pauni 140. Wakati ule hiyo ilikuwa kodi ya nyumba yangu ya wiki mbili. Nikalipa.

Jumatatu nikaenda nayo kazini kuringa. Fundi mmoja mzee, Mwingereza mkimya, akaishika, akaigeuza, akairudisha. Hakuwa hata amemaliza funda lake la chai. Akaniuliza: "Na jiriwa iliyoifanya umeiona?"

Ndiyo hii hapa. Ipitisheni, msiogope, haina cha kuharibika tena. Mtu alichukua medali mbili, akazibana pamoja kwenye jiriwa, akakaza mpaka sura ya ile ngumu ikajichapa kwenye ile laini. Tazameni chini ya ile shingo iliyozama: mtaona nguzo mbili zilizopondeka. Hilo ni jengo lililokuwapo upande ule kabla ya kubanwa. Na ukingo umelala upande mmoja, kama kofia iliyokaliwa. Kosa la kweli la namna hii hutokea pale medali ya kwanza inapong'ang'ania kwenye muhuri wa juu, yaani feleji iliyochongwa sura ya kuchapa, bila fundi kujua, na chuma kinachofuata kikagongwa na medali badala ya muhuri. Chuma hicho kilikuwa kitupu. Hakikuwa na jengo wala nguzo, kwa hiyo chini ya sura iliyozama hukuti kitu kingine.

Tangu siku ile sijanunua medali yenye kosa kabla ya kujua yenyewe ilitengenezwaje. Nimekuja kulisema hilo tu, ila nitalisema kwa kirefu.

Tuanze na jina. Nishani hupewa mtu kwa ushujaa au utumishi, akaitundika kifuani. Medali ya ukumbusho haikutafutwa kwa jasho la mtu. Ilitengenezwa kwa sababu daraja limefunguliwa, mfalme ametawazwa, au vita vimekwisha, na yeyote mwenye senti aliweza kuinunua. Karne ya 19 ilikuwa karne yake hasa. Reli mpya, medali. Maonyesho, medali. Malkia kaolewa, medali.

Fundi huchonga sura kinyumenyume kwenye feleji. Hiyo ndiyo mihuri miwili, wa juu na wa chini. Katikati huwekwa kisahani cha chuma kitupu. Mtambo wa zamani ulikuwa wa skrubu kubwa, na juu yake mti wa chuma wenye mizigo mizito ncha mbili. Wanaume wanauzungusha mti, skrubu inashuka, pigo linatua. Sarafu hutosheka na pigo moja, kwa kuwa sura yake ni ya kina kifupi. Medali sura yake imeinuka sana, na shaba haikubali kujaza mashimo yote kwa pigo moja. Basi inagongwa, na kwa kugongwa inakuwa ngumu. Inatolewa, inapelekwa tanurini ipate moto ilainike, inarudishwa kati ya mihuri, inagongwa tena. Mara tatu, mara nne, na zile kubwa zaidi ya hapo.

Shikeni jambo hilo, kwa sababu ndipo mkusanyaji wa sarafu na mkusanyaji wa medali wanapoachana njia. Sarafu za mitambo ya mvuke zilimwagika kama mahindi kutoka guniani, na lenye kosa likaponyoka kwa kuwa hakuna aliyeliona. Medali ilipita mkononi mwa mtu kila baada ya pigo. Kila medali yenye kosa mnayoiona leo, fundi aliiona kabla yenu. Aliiona, akaiachia. Mimi nikiishika, swali langu ni moja: aliiachia kwa nini?

Mara nyingi jibu liko kwenye chuma chenyewe. Ikiwa ni fedha au dhahabu, yenye kosa ilirudi kuyeyushwa, kwa sababu chuma kile ni mali na mnunuzi ni bwana mkubwa. Ndiyo maana kosa la kweli kwenye medali rasmi ya fedha ni adimu, na ukiuziwa kwa bei rahisi shika mfuko wako. Lakini kulikuwa na kile Waingereza walichokiita chuma cheupe, mchanganyiko ambao sehemu kubwa ni bati. Laini, chang'avu kikiwa kipya, rahisi. Hicho ndicho kilichojaza vibanda vya sherehe, na hapo hakuna aliyehangaika kuyeyusha kitu cha senti chache.

Nimefika kwenye hii ya pili. Hii tafadhali ishikeni ukingoni.

Ni ya njia ya chini ya mto Thames, London. Marc Isambard Brunel alianza kuichimba mwaka 1825. Maji yakawaingilia zaidi ya mara moja, na mwaka 1828 watu sita wakafa humo ndani. Ilifunguliwa tarehe 25 Machi 1843, njia ya kwanza duniani kupita chini ya mto unaopitisha meli, na watu wakalipa senti moja kuteremka kutembea chini ya mto. Wiki kumi za mwanzo walifika kama milioni moja. Humo ndani, kwenye matao yanayounganisha njia mbili, wachuuzi waliweka meza zao, na medali zilikuwa miongoni mwa bidhaa. Upande mmoja Brunel mwenyewe, upande wa pili njia yake.

Ielekezeni kwenye dirisha. Kuna mstari unaotoka ukingoni, unapita kwenye herufi, unafika puani kwa mzee Brunel. Vuteni kucha juu yake taratibu.

"Si mkwaruzo huo?" aliuliza mzee mmoja wa safu ya nyuma.

Hapana, mzee wangu, na nashukuru kwa swali. Mkwaruzo huzama, kucha yako itatumbukia. Huu umeinuka, kucha inapanda juu yake kama tairi juu ya tuta. Kilichopasuka ni muhuri. Feleji ilifanya ufa, na kila pigo lilipotua, chuma cheupe kikaingia kwenye ufa ule na kutoka na mstari uliosimama. Kila medali iliyogongwa baada ya hapo ina mstari huo, na mstari unarefuka kadiri muhuri unavyozidi kufa. Mimi ninazo tatu za muhuri mmoja. Kwenye ya kwanza ufa unaishia kwenye herufi, kwenye hii umefika puani, kwenye ya tatu umefika sikioni na kipande cha ukingo kimeanza kuwa uvimbe usio na sura. Ukizipanga mezani unaona kifo cha muhuri hatua kwa hatua. Mke wangu anasema nimelipa mara tatu kwa medali moja, na kwa hesabu ya nyumbani yuko sahihi.

Mbona fundi hakuusimamisha mtambo? Kwa kuwa kuchonga muhuri mwingine ni kazi ya siku nyingi na watu wamejaa mlangoni leo. Huo ndio uchumi wa senti moja.

Mihuri hupasuka kwa sababu ifuatayo. Feleji huchongwa ikiwa laini. Ikishachongwa, hutiwa moto mpaka iwe nyekundu, kisha huchovywa ghafla majini iwe ngumu. Nje hupoa kwanza, ndani bado moto, kila sehemu inavuta kwake. Muhuri mdogo huvumilia. Muhuri mkubwa unaweza kufunguka mbele ya macho yako kama muhogo uliokauka, na kazi ya mwaka ikaishia hapo.

Juu ya hofu hiyo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Benedetto Pistrucci, Mtaliano aliyezaliwa Roma mwaka 1783, ndiye aliyechonga yule Mtakatifu George anayeua joka kwenye pauni ya dhahabu ya Uingereza ya 1817. Baada ya Napoleon kushindwa Waterloo mwaka 1815, Waingereza walitaka medali kubwa ya kuwapa wafalme washirika na majemadari wao wawili, Wellington na Blücher. Kazi ikapewa Pistrucci mwaka 1819. Akagombana na wakubwa wake wa kiwanda cha fedha, akasusa, akarudi, akachonga kidogo, akasusa tena. Mihuri aliikabidhi mwaka 1849. Miaka 30! Hesabuni waliokusudiwa kupewa: Blücher alikufa mwaka uleule wa 1819, Alexander wa Urusi 1825, George wa Uingereza 1830, Francis wa Austria 1835, Frederick William wa Prussia 1840. Alibaki Wellington peke yake.

Na mihuri yenyewe ilikuwa na upana unaozidi sentimita 13. Kazi nzuri ajabu, watu na farasi na miungu wamejipanga duara kwa duara. Sasa nani aichovye majini? Hakuna aliyethubutu. Ikipasuka, miaka 30 imekwenda. Wakaishia kutoa nakala kwa vitu laini na kwa njia ya umeme, na medali iliyoagizwa haikupata kugongwa kwa mihuri ile katika karne ile. Mchuuzi wa chini ya mto aliendelea kugonga na ufa wake puani, akauza. Hawa wa dola kuu waliuogopa ufa mpaka medali haikuzaliwa. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, niko upande wa mchuuzi.

Sasa kosa linalowadanganya watu wengi: sura maradufu. Herufi zina kivuli, pua mbili, tarehe imejirudia. Muuzaji atakwambia imegongwa mara mbili, kwa hiyo ni adimu. Ndugu zangu, nimeshasema: medali ya bronzi kwa kawaida yake iligongwa mara nyingi! Ikitoka tanurini na kurudishwa bila kukaa sawasawa kwenye kiti chake, hata kwa unene wa unywele, pigo la pili linaacha pacha. Kivuli chembamba kando ya herufi ni alama ya kazi ya mkono na tena wengine huniuliza niwapunguzie bei kwa sababu yake. Ninachokitafuta mimi ni pacha aliyehama kweli, medali iliyozunguka robo duara kati ya pigo na pigo, ikabeba vichwa viwili vinavyotazama njia tofauti. Halafu angalia umbo la pacha: kama imegongwa upya, ile sura ya pili ina mviringo wake kamili. Kama muhuri uliteleza tu wakati wa kuinuka, unaona kijingazi bapa, kama kitu kilichosukumwa kwa kidole. Kijingazi si pacha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hivi vijingazi vinatembezwa sana.

Kijana mmoja alitaka kujua kama kosa la maneno nalo huhesabiwa.

Swali zuri, na jibu langu linaniletea ugomvi. Mwaka 1804 Napoleon alikuwa amekusanya jeshi Boulogne, anangoja kuvuka kwenda Uingereza. Alikuwa na uhakika mkubwa hata medali ya ushindi ikachongwa mapema. Upande mmoja kichwa chake, upande wa pili Herkules anapambana na kiumbe nusu mtu nusu samaki, na maandishi ya Kifaransa yanasema imegongwa London, 1804. London! Hakupata kukanyaga huko. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Oktoba 1805, meli zake na za Hispania zikavunjwa Trafalgar, na kule Birmingham Matthew Boulton akagonga medali ya Trafalgar na kuwagawia mabaharia walionusurika.

Ile ya Napoleon ni uongo mtupu kutoka kingo hadi kingo. Lakini mtambo haukukosea hata chembe, umechapa ulichoambiwa. Mimi siihesabu kwenye makosa ya kugonga. Naiweka droo nyingine, pamoja na zile medali za wachuuzi za kutawazwa Edward wa Saba zenye tarehe 26 Juni 1902, wakati mfalme aliugua na akatawazwa 9 Agosti. Hiyo imetoka nje ya karne yetu kidogo, mnisamehe.

Na kwa kuwa tumefika Ufaransa, angalizo. Tarehe iliyo kwenye medali ni tarehe ya tukio, haikwambii ilitoka mtamboni lini. Sisi watu wa pwani tusihitaji kufundishwa hili. Riale ya Maria Theresa, ambayo babu zetu waliuzia pembe na karafuu, ina mwaka 1780 hata kama iligongwa miaka 150 baadaye. Kiwanda cha fedha cha Paris nacho kilihifadhi mihuri na kuendelea kugonga medali za Napoleon kwa wanunuzi, ila kikawa muungwana: kuanzia 1832 kikaweka alama ukingoni. Taa ya kale mpaka 1841, kisha nanga kwa muda mfupi, omo la meli kuanzia 1842, mkono unaonyesha kidole 1845 mpaka 1860, nyuki mpaka 1879, na pembe iliyojaa matunda kuanzia 1880. Ukiletewa medali ya Austerlitz, vita vya 1805, yenye nyuki ukingoni, unajua imezaliwa baada ya aliyeshinda vita kuzikwa. Na kosa lililomo ndani yake ni la fundi wa 1860 na kitu, wala halina uhusiano na fundi wa Napoleon. Kwa hiyo soma ukingo kwanza, uso baadaye. Watu hufanya kinyume chake.

Mbaya zaidi ni makosa ya makusudi. Kiwanda cha Boulton, kile cha Soho, kilipofungwa na vitu vyake kuuzwa kati ya 1848 na 1850, mchongaji wa London aitwaye William Joseph Taylor alinunua mihuri mingi ya zamani. Akaitia mtamboni upya. Akachanganya pia, uso wa hii na mgongo wa ile, ndoa ambazo hazikupata kufungwa Soho. Wakusanyaji wa wakati huo walizigombania kama makosa adimu. Je, hayo ni makosa? Mtu aliyajua, aliyakusudia, na aliyauza. Mimi ninayo moja na ninaipenda, lakini naiita kwa jina lake, bidhaa ya Taylor. Ukitaka kununua mchanganyiko wa namna hiyo, angalia kama kuna kutu iliyochapwa: muhuri uliokaa ghalani miaka huota kutu, vishimo vya kutu hujaa chuma, na medali inatoka na vipele vidogo shavuni. Vipele hivyo vinakwambia muhuri ulilala kwanza, kisha ukaamshwa.

Kuhusu utunzaji nitapita haraka. Msisafishe. Najua kila nyumba hapa ina sinia la shaba linalosuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka likang'aa, na ni uzuri wake. Medali ikisuguliwa hivyo, ule ufa ulioinuka utalala, na ushahidi wako wote umekwenda na majivu. Mifuko ile ya plastiki laini yenye harufu pia iacheni, kwenye joto letu hutoa maji ya asidi na shaba ikaota kijani. Karatasi kavu, kasha la mbao, na pakiti za kunyonya unyevu zile zinazokuja na viatu. Basi.

Binti yangu aliniuliza mwaka jana: baba, mtu wa Mombasa anahifadhi vichwa vya Malkia wa Uingereza vya nini? Nikamwambia Malkia hanihusu. Nikamwonyesha hii, na ndiyo ya mwisho nitakayoitoa.

Ni ya mwaka 1887, miaka 50 ya utawala wa Victoria, chuma cheupe, imetobolewa tundu juu la kupitishia utepe. Watoto wa shule walipewa kwa maelfu, na bei yake leo haizidi sahani ya biriani. Chukueni kioo cha kukuzia. Kwenye shavu la Malkia, kutoka chini ya sikio mpaka karibu na mdomo, kuna mfereji mwembamba uliojikunja. Huu umezama, kwa hiyo mtasema ni mkwaruzo. Lakini tazameni ndani yake. Kuna mistari midogo ya mshazari, imesokotwa. Mkwaruzo hausokotwi. Ni uzi. Ulidondoka kwenye kisahani, labda kutoka kwenye aproni, labda kwenye mkono wa shati, na pigo likatua kabla haujapeperuka. Uzi wenyewe ulitoka zamani, msokoto wake umebaki.

Anayetaka kuhesabu nyuzi asogee hapa dirishani, mimi nilifika tatu kisha macho yakaniishia.